Sheria ya Kukaa Kitako

Nchi hii msiitafute kwenye ramani, mtajichosha bure. Wachora ramani waliombwa na serikali yake waiache, maana wageni walikuwa wengi mno hata bila kuelekezwa njia. Inaitwa Jamhuri ya Makaribisho, na watu wake ni wakarimu kupindukia. Pale mpakani, mwisho wa daraja, wametundika bango kubwa lenye maneno KARIBUNI NYOTE, tena wamelitundika chini kiasi kwamba anayeingia hana budi kuinama. Wenyewe husema wanamfundisha mgeni adabu.

Nyamvula aliinama, akapita. Mkononi alikuwa na begi la nguo, na rohoni alikuwa na mtoto aliyemwacha usingizini ili asimwone akilia. Mtoto huyo aliitwa Mishi, mdogo wa kubebwa mgongoni. Baba yake alifariki kwa ajali ya lori, na kazi za upande ule wa daraja zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Basi Mishi alibaki kwa Mbodze, dada yake Nyamvula, ambaye hakujaliwa kupata mtoto wake mwenyewe.

"Nikishapata ukaazi wa kudumu, nakuja kumchukua," Nyamvula alimwambia dada yake siku ile.

"Wanachukua muda gani kuutoa?"

"Wanasema ni muda mfupi tu."

Na ni kweli walikuwa wakisema hivyo. Walikuwa wakisema hivyo tangu nchi ipate uhuru.

*

Katika Jamhuri ya Makaribisho mgeni haruhusiwi kujiombea ukaazi mwenyewe, kwani huko ni kujipendekeza. Lazima aombewe na mwajiri wake. Mwajiri huitwa Mdhamini, mgeni huitwa Mdhaminiwa, na kila mwaka hufanyika sherehe uwanjani ambapo Wadhamini huvishwa nishani za ukarimu, na Wadhaminiwa nao hawasahauliwi: hupewa heshima ya kupanga viti.

Mdhamini wa Nyamvula alikuwa Bwana Eliakimu Fumbuka, mwenye Nyumba ya Faraja. Hapo ndipo wananchi walipowaleta wazazi wao wazee ili wao wenyewe wapate nafasi ya kulitumikia taifa. Kila Siku ya Wazazi walikuja na keki, wakapiga picha, wakaila keki, wakaondoka. Siku zilizobaki ziliachiwa Nyamvula na wageni wenzake: kuogesha, kugeuza, kulisha uji, kubadilisha mashuka, kusikiliza.

Bwana Fumbuka alikuwa mtu wa utu sana. Siku ya kwanza alimkalisha Nyamvula ofisini akamwambia, "Hapa sisi ni familia. Ukiwa na tatizo lolote, mimi ndiye baba yako. Siku nikiondoa jina langu kwenye maombi yako, hilo nalo litakuwa tatizo, lakini hilo usiniletee."

Halafu akamweleza Sheria ya Kukaa Kitako. Mdhaminiwa alitakiwa akae nchini pasipo kutoka hata mara moja; akivuka daraja, hata kama ni kwenda kuzika, muda wake wote hufutika akaanza moja. Pia alitakiwa abaki katika kazi ileile aliyoombewa, asishuke na asipande. Ndiyo maana Nyamvula alipoonyesha kipaji cha kutibu vidonda vya wazee waliolala kitandani muda mrefu, Bwana Fumbuka alifurahi, akataka kumpa usimamizi, kisha akashika kichwa.

"Haitawezekana. Ukipanda cheo utakuwa mtu mwingine, na mimi huyo mtu mwingine sikumwombea."

Usimamizi akapewa mwananchi mmoja mpole, aliyekuwa akisimamia huku amelala. Nyamvula akajifunza kutoongezeka.

*

Watu wa nchi ile walimsalimia vizuri sana. "Habari za leo?" walimwuliza barabarani, na kabla hajafungua kinywa walikuwa wameshafika kona. Mwanzoni alikuwa akiwajibu migongo yao. Baadaye akawa anajibu nusu. Mwishowe alitembea na majibu yake kifuani, mengi, yasiyo na aliyeyaulizia.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya chumba cha dobi cha Nyumba ya Faraja, chenye joto la pasi na harufu ya sabuni. Siku yake ya mapumziko alikaa kitandani akampigia Mishi simu. Miaka ya mwanzo mtoto alimsimulia kila kitu: kuku aliyeingia darasani, jino lililong'oka, rafiki aliyemnyima embe. Kadiri alivyokua, hadithi zikapungua.

"Shikamoo mama. Sijambo. Ndiyo, nimekula. Huyu hapa mama."

Mama wa pili alikuwa Mbodze, aliyeipokea simu kwa aibu. "Usimsikilize, dada, ni utoto tu."

"Hajakosea," Nyamvula alijibu, na alijibu kwa sauti ya kawaida, kwa kuwa alikuwa na mazoezi.

Sikukuu moja Mbodze alimvisha Mishi gauni jekundu akampeleka upande wao wa daraja, ili mama na mwana waonane angalau kwa mbali. Nyamvula alifika upande wake mapema, akasimama kwenye mstari mweupe. Alipoliona lile doa jekundu kule ng'ambo, mkono wake ulinyanyuka wenyewe.

"Mama, punguza huo mkono," askari wa mpakani alimwambia kwa upole.

"Nampungia mwanangu."

"Mpungie, nani kakukataza? Ila mpungie upande huu. Mkono ukivuka mstari, umevuka wewe. Mimi binafsi sina neno, lakini kuna kamera."

Basi Nyamvula akapunga mkono ukiwa karibu na kifua, kidogo kidogo. Baadaye Mbodze alimwambia kwenye simu, akidhani anamchekesha, kwamba Mishi alikuwa ameuliza, "Yule mama anafukuza nzi gani?"

*

Hatimaye ulifika wakati wa Jaribio la Mwananchi. Jamhuri haiwezi kumpa mgeni ukaazi kwa sababu ya kazi mpaka ithibitike kwamba hakuna mwananchi awezaye kazi hiyo. Nafasi ya Nyamvula ikatangazwa redioni. Hakuja mtu. Wizara ya Wageni Wanaostahili ikasema kutokuja si kushindwa. Lazima mwananchi aje, ajaribu, ashindwe kwa heshima. Ikabidi Bwana Fumbuka aende stendi akawakusanye watatu kwa ahadi ya soda na biskuti.

Mtu wa kujaribiwa alikuwa Bibi Skolastika, mwalimu mkuu mstaafu, aliyekuwa amesahau mambo mengi isipokuwa ukali. Mwananchi wa kwanza, mwenye tai, alipomkaribia na beseni aliambiwa, "Tema hiyo bablishi, kanyooshe shati, urudi na mzazi wako." Hakurudi. Wa pili, mwanamama mwenye wigi zuri, alitazama kitanda, akatazama beseni, akauliza msaidizi wake yuko wapi.

Wa tatu alikuwa mtu wa makamo mwenye mikono mipana. Alipima maji kwa kiwiko, akamwomba bibi ruhusa, akamwinua polepole kana kwamba amebeba mtungi uliojaa. Bibi Skolastika akafumba macho kwa raha. Ofisa wa Wizara akaanza kuandika haraka haraka.

Nyamvula alikuwa amesimama mlangoni, maana sheria humtaka Mdhaminiwa ashuhudie. Alijikuta akimwombea yule bwana mwema ateleze. Alimwombea amwangushe bibi, si kwa nguvu, kidogo tu. Kisha akajishtukia, akaona haya, akaangalia sakafu.

"Kazi naiweza," yule bwana alisema akijifuta mikono. "Nilimwuguza mama yangu hadi mwisho. Mshahara ni kiasi gani?"

Bwana Fumbuka akamnong'oneza. Yule bwana alicheka mpaka akatafuta kiti. Akaendelea kucheka akiwa amekaa, akachukua biskuti yake, akaondoka akicheka barabara nzima.

"Ameshindwa," ofisa aliandika, "kwa sababu za kiafya."

*

Ikabaki hatua moja, Ushahidi wa Mizizi. Mdhaminiwa alitakiwa kufika mbele ya Kamati na mwananchi mmoja atakayeapa kwamba anamfahamu. Asiwe mwajiri wala mtu anayelipwa. Awe tu mtu anayemjua.

Nyamvula alikaa kitandani akawaza. Wenzake wote pale kazini walikuwa wageni. Majirani wa mtaa aliwajua kwa migongo. Alimwendea mwenye duka aliyemuuzia mkate miaka yote hiyo.

"Dada, kukujua nakujua," mwenye duka alisema kwa huruma. "Wewe ni mkate wa jana, ule wa bei nafuu, na sabuni ya kipande. Lakini mbele ya Kamati nitaapa nini? Niape kwa mkate?"

Alikuwa mkweli, hata Nyamvula hakumlaumu. Alirudi akitembea taratibu, akaingia chumbani kwa Bibi Skolastika kumbadilisha shuka, na bibi akamwita kama alivyozoea kumwita.

"Edina, mbona umenyong'onyea?"

Edina alikuwa binti yake, aliyefariki zamani akiwa msichana, kifo ambacho serikali haikuwahi kukiandika. Nyamvula aliacha kumsahihisha bibi mapema sana, kwa sababu kila alipomsahihisha, msiba ulianza upya, na bibi alilia kama aliyepata habari siku ileile. Ikawa rahisi kuitika.

"Nimechoka tu," alisema. Kisha akauliza, bila matumaini makubwa, "Ukiulizwa kama unanijua, utasema nini?"

Bibi alimkazia macho ya darasani. "Swali gani la kijinga hilo?"

*

Kamati ilikaa katika ukumbi wenye mapazia ya zambarau. Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Tambarare, alifungua kikao kwa hotuba.

"Taifa letu," alisema, "ni mlango ulio wazi. Lakini mlango ulio wazi sana, ndugu zangu, si mlango tena, ni tundu! Na tundu huingiza baridi! Kwa hiyo sisi tunaufunga mlango huu, kwa moyo mkunjufu, ili uendelee kuwa mlango!"

Makofi yakapigwa. Nyamvula naye akapiga. Alikuwa amevaa gauni lake la pekee la kutokea, na Bibi Skolastika alikuwa kando yake katika kiti cha magurudumu, amechanwa nywele vizuri. Nyuma yao alikaa Bwana Fumbuka.

"Shahidi, unamfahamu huyu?" Mheshimiwa Tambarare aliuliza.

"Namfahamu sana," bibi alisema kwa sauti iliyofika mwisho wa ukumbi. "Huyu ni mwanangu Edina."

Katibu akafungua kitabu cha sheria, akamnong'oneza Mwenyekiti, na uso wa Mwenyekiti ukachanua taratibu kama wa mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Hii ni habari njema," alitangaza. "Mwana wa mwananchi ni mwananchi, na mwananchi hahitaji ukaazi. Kamati hii, kwa mara ya kwanza katika historia yake, inaweza kumridhisha mwombaji bila kumpa kitu! Bibi Edina, thibitisha tu kwamba huyu ni mama yako, uchukue kitambulisho leo hii. Daraja utavuka upendavyo."

"Sema ndiyo," Bwana Fumbuka alinong'ona nyuma yake. Kisha, akikumbuka mwananchi hulipwa kiasi gani, akanong'ona kwa haraka, "Sema hapana!"

Nyamvula akasogea mbele. "Na mwanangu, Mheshimiwa? Nina binti ng'ambo. Nikiwa mwananchi naruhusiwa kumleta?"

Katibu akapekua tena. "Edina, kwa kumbukumbu zetu, hana mtoto."

"Lakini mimi ninaye."

"Wewe nani?" aliuliza Mheshimiwa Tambarare, wala hakuwa na ubaya wowote, alitaka kujua kiandikwe nini.

Bibi Skolastika alikuwa akimtazama. Alikuwa na tabasamu la mzazi siku mwanawe anapopewa zawadi shuleni. Nyamvula alikuwa ameitikia jina lile mara nyingi mno, juu ya uji, juu ya beseni, juu ya shuka zenye mkojo, na halikuwahi kumgharimu kitu. Lakini kule chumbani hakukuwa na muhuri. Hapa alitakiwa aliitikie na lile jingine lizimike, na doa jekundu ng'ambo ya daraja libaki mtoto wa mtu asiyekuwepo.

"Hapana," alisema. "Huyu si mama yangu. Mimi ni Nyamvula, mama yake Mishi."

Tabasamu la bibi lilibaki usoni kidogo, kama taa iliyosahauliwa, kisha likatoka. Alinyoosha mkono akamshika kiganja.

"Nimekukosea nini, mwanangu?"

Wala hakulia. Aliuliza kama mtu aliye tayari kurekebisha. Nyamvula akapiga magoti palepale mbele ya kiti, akasahau Kamati, akasahau gauni.

"Hujanikosea kitu, mama."

"Amemwita mama," alisema Mheshimiwa Tambarare. "Andika."

Wajumbe wa Kamati walikwenda kunywa chai, wakarudi na uamuzi. Mwombaji, ulisema, kwanza amemkana mama yake, kisha amemkiri, yote katika kikao kimoja. Jamhuri ya Makaribisho haiwezi kumpa ukaazi mtu asiyejua mama yake ni nani. Inamshukuru kwa kuja na inamtakia safari njema.

Makofi yakapigwa. Safari hii Nyamvula hakupiga, mikono yake ilikuwa imeshikwa na bibi.

*

"Umejiharibia," Bwana Fumbuka alimwambia kesho yake. "Lakini mimi si mtu wa kinyongo. Tunaanza upya. Naweka jina langu tena, unakaa kitako tena, kazi ileile, chumba kilekile. Miaka ni nini? Inapita tu."

Nyamvula alimwomba ampe muda afikiri. Alikwenda chumbani kwake akakaa. Pasi za dobi zilikuwa zikifuka nyuma ya ukuta, na mtu alikuwa akipita nje akiimba. Alijaribu kujiona akianza upya, na alijiona vizuri sana, mpaka mwisho, na katika picha hiyo yote hapakuwa na mtu mwingine. Akavuta begi chini ya kitanda.

Alipokwenda kumuaga Bibi Skolastika, bibi alikuwa ameshasahau Kamati na alichoambiwa kule. Alikuwa amekaa dirishani, mchangamfu.

"Edina! Unakwenda wapi na begi?"

"Nakwenda kwa mwanangu."

"Una mtoto?" Bibi alishtuka. "Na hukuniambia?"

"Ninaye. Anaitwa Mishi. Sasa ni msichana mkubwa."

"Yuko na nani?"

"Na dada yangu."

Bibi Skolastika alimtazama kwa hasira ya kweli, hasira ya mwalimu mkuu. "Sasa umesimama hapa unafanya nini?"

Nyamvula akambusu kwenye paji la uso, akamfunika miguu, akatoka. Kwenye daraja askari alimkumbusha kwamba akishavuka mstari hana kitu tena. Alimshukuru kwa kumkumbusha. Njia ya kutokea ilikuwa kando, haikuwa na bango lolote, na haikumlazimu kuinama.

*

Mbodze alimpokea kwa vigelegele na machozi, akamkumbatia, akamwachia, akamkumbatia tena, kisha akakimbilia jikoni maana wali ulikuwa unaungua, au alisema unaungua. Nyamvula akabaki sebuleni peke yake.

Mishi aliingia na sinia. Alikuwa mrefu kumshinda Mbodze, shingo ya baba yake, nywele amezisuka mwenyewe. Alipiga goti, akasema shikamoo, akaweka mezani maji katika glasi ya maua, ile ambayo kila nyumba huwawekea wageni. Kisha akakaa kwenye kiti cha mbali, mikono mapajani.

"Safari ilikuwaje?"

"Nzuri."

"Mama alisema ulikuwa na kazi nzuri kule."

"Ilikuwa kazi."

Nyamvula alitamani kumshika uso, lakini hakujua kama inaruhusiwa. Akanywa maji. Mishi alimtazama akinywa, akamtazama viatu, akalitazama begi, lilivyo dogo.

"Utakaa mpaka lini?" aliuliza.

"Nataka kukaa moja kwa moja. Ukiniruhusu."

"Kwa nini uniombe mimi? Nyumba ni ya mama."

"Nakuomba wewe."

Msichana alifikiri. Nyamvula hakumharakisha. Halafu Mishi akainuka, akaingia chumbani kwake, na kupitia mlango ulioachwa wazi Nyamvula alimwona akiondoa vitabu vyake kitandani, upande mmoja tu, ule wa ukutani, akivipanga sakafuni.

"Leo unaweza kulala hapa," alisema kutoka ndani, pasipo kugeuka. "Leo. Ya kesho tutazungumza kesho."

"Ahsante," Nyamvula alisema, akainama kuvua viatu.